Uliza Fundi wa Maabara: Midia yangu imegeuka njano kwa usiku mmoja

Barua za mwezi huu karibu zote zina kilio kimoja: seli zimekufa, seli zimegoma kukua, seli zimebanduka zinaelea. Na karibu kila aliyeandika anazilaumu seli. Nimefanya kazi ya kukuza seli kwa miaka 22, na nikisikia zimekufa huwa nauliza kwanza: midia ilikuwaje? Kwa msomaji asiye wa fani yetu, midia ni yale maji ya lishe tunamowekea seli zilizotolewa mwilini. Ndani ya chupa hakuna figo, hakuna ini, hakuna mapafu. Maji hayo ndiyo yanayozilisha seli, na ndiyo hayohayo yanayopokea taka zao.

Swali: Shikamoo mama. Nasoma shahada ya uzamili. Ijumaa jioni niligawa seli za ukoo mmoja katika chupa mbili, midia ikiwa nyekundu safi. Jumamosi asubuhi chupa moja imekuwa njano kabisa, ya pili bado nyekundu. Mwenzangu anasema seli zimekua vizuri, zimemaliza chakula, nibadilishe tu midia. Nifuate ushauri wake?

Jibu: Marahaba mwanangu. Usibadilishe kitu bado, na chupa hiyo usiifungue. Itenge na nyingine, kisha tufikiri pamoja.

Wekundu ule si lishe. Ni rangi iitwayo fenoli nyekundu, iliyotiwa humo ili ikuonyeshe hali ya asidi bila kufungua kifuniko. pH, yaani kipimo cha asidi, ikiwa 7.4, pale seli nyingi za wanyama zinapopenda, midia ni nyekundu. Ikishuka hadi karibu 7.0 inakuwa rangi ya chungwa, ikifika chini ya 6.8 ni njano. Ikipanda kupita 7.8 inakuwa waridi inayoelekea zambarau. Kinachoishusha ni asidi, hasa asidi laktiki ambayo seli huitoa zinapovunja glukosi.

Kwa hiyo mwenzako hajakosea kabisa. Chupa iliyojaa seli pomoni hugeuka chungwa, kisha njano. Lakini safari hiyo kwa kawaida huchukua siku mbili au tatu baada ya kugawa, si usiku mmoja. Na wewe una shahidi mzuri mkononi, ile chupa ya pili. Seli ni za ukoo mmoja, zimegawanywa siku moja, midia imetoka chupa moja. Kama ni ulaji wa seli, mbona ile ya pili imebaki nyekundu?

Inua chupa ya njano mbele ya taa, uiinamishe taratibu. Midia iliyotiwa asidi na seli zenyewe hubaki angavu, unaweza kusoma maandishi kupitia humo. Yenye bakteria huwa na ukungu mwepesi, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Kisha ipeleke kwenye hadubini, uikuze mara 400. Usiangalie seli, angalia nafasi iliyo kati ya seli na seli. Pale panapotakiwa kuwa patupu utaona nukta ndogo mno, upana wake kama sehemu ya ishirini ya seli yako, zinatetemeka, na nyingine zinakwenda mbio. Ukiona vijishanga vinavyochipuana, hiyo ni hamira. Ukiona nyuzi, ni kuvu. Ukiona chochote kati ya hivyo, usijaribu kuiokoa chupa. Tia dawa ya klorini, sehemu 1 kwa sehemu 9 za midia, iache nusu saa ndipo umwage. Na usiipeleke kwenye otoklevu, chungu kile cha mvuke wa shinikizo, ikiwa na klorini ndani, mvuke wake ni mbaya kwa mapafu.

Upande wa zambarau nao una kisa chake. Asubuhi moja niliingia kazini mapema, nikafungua mlango wa inkubeta, kabati la joto tunamokuzia seli, na chupa zote kuanzia rafu ya juu hadi ya chini zilikuwa zambarau, kila moja. Midia ilikuwa angavu, chini ya hadubini hapakuwa na mdudu yeyote. Nilizunguka nyuma ya inkubeta nikakuta sindano ya mtungi wa gesi imelala kwenye sifuri. Midia ya kawaida hushikilia pH yake kwa bikabonati iliyomo ndani na hewa ya ukaa iliyo juu yake, na hewa hiyo kwa kawaida ni asilimia 5 ya hewa yote ya inkubeta. Gesi ikiisha, hewa ya ukaa hutoroka kutoka kwenye maji na pH inapanda. Zile zilizokaa hivyo kwa saa chache zilirudi zilipopata gesi. Ukoo mmoja wa seli za neva haukurudi. Ndiyo maana tangu siku hiyo nikifika asubuhi naangalia sindano ya mtungi kabla sijavaa koti.

Swali: Nafundisha biolojia sekondari. Wanafunzi wameniuliza kwa nini seli zisiwekwe tu katika maji yenye chumvi na sukari. Naomba jibu ninaloweza kuwapa darasani.

Jibu: Ndugu mwalimu, waambie wamegusa swali lililowachukua wanasayansi zaidi ya miaka 70.

Anza na maji matupu. Seli ikiwekwa humo hunyonya maji hadi inapasuka, kwa hiyo chumvi ni lazima, na kiasi chake kilingane na cha majimaji ya mwili. Lakini chumvi gani? Mwaka 1882 daktari Sydney Ringer wa London aliripoti kwamba moyo wa chura uliotolewa mwilini uliendelea kupiga katika maji ya chumvi. Mwaka uliofuata alijisahihisha mbele ya wenzake. Maji yaliyotumika hayakuwa yamekenekwa, yalikuwa ya bomba, na maji ya bomba yalikuwa na kalsiamu. Alipotumia maji yaliyokenekwa, na chumvi ileile, moyo ulidhoofika ukasimama. Alipotia kalsiamu kidogo, ukapiga tena. Kosa la maji ndilo lililoonyesha kwamba moyo hauwezi kazi yake bila kalsiamu. Mimi humheshimu Ringer zaidi kwa sahihisho lile kuliko kwa ugunduzi wa kwanza, na wanafunzi wako wangefaidika kulisikia.

Hata hivyo chumvi huweka kiungo hai kwa muda tu. Kuifanya seli ikue na kugawanyika ni jambo jingine. Watu wakakimbilia majimaji ya mwilini. Mwaka 1907 Ross Harrison alitazama nyuzi za neva za chura zikirefuka ndani ya tone la limfu lililoganda. George Gey, aliyekuza seli za Henrietta Lacks huko Baltimore mwaka 1951, seli zilizochukuliwa bila ridhaa ya mwenyewe, alizilisha plazima ya kuku, maji ya viinitete vya ng'ombe na seramu, yaani maji yanayobaki damu ikiganda, ya damu ya kitovu cha mtoto mchanga. Zilikua, tena kwa kasi ya ajabu, na bado zinakua leo kwa jina la HeLa. Ila hakuna aliyeweza kusema ni kitu gani ndani ya mchanganyiko ule kilichokuwa kinazikuza.

Aliyelikabili swali hilo ni Harry Eagle, huko Marekani. Aliandaa mchanganyiko wa vitu vinavyojulikana, akawa anaondoa kimoja baada ya kingine na kutazama seli zitafanya nini. Kikiondolewa na seli zikaendelea, hakikuwa cha lazima. Zikifa, kinarudishwa. Mwaka 1955 alichapisha matokeo. Pamoja na chumvi, glukosi, vitamini kadhaa na protini kidogo ya seramu, seli zilihitaji asidi amino 13. Hapa simama kidogo na wanafunzi wako, maana mtu mzima anahitaji kupata 9 tu katika chakula. Hizo 4 za ziada zimetoka wapi? Mwilini seli hutegemeana. Tirosini, kwa mfano, ini huitengeneza na kuisambaza. Seli iliyo peke yake chupani haina ini la kuitegemea, basi lazima sisi tuipe.

Midia tunazotumia leo nyingi ni wajukuu wa kazi hiyo. DMEM, kwa mfano, ni ile ya Eagle iliyoongezewa asidi amino na vitamini hadi mara nne. F12 ya Richard Ham na RPMI 1640 zilikuja katika miaka ya 1960, kila moja kwa ajili ya seli zenye mahitaji yake. Darasani hayo yanatosha.

Swali: Seli zangu hazibanduki chupani hata nikiziacha na tripsini, kimeng'enya cha kuzibandua, kwa dakika kumi na tano. Tripsini ni mpya.

Jibu: Je, uliisuuza chupa kabla ya kuitia? Seramu iliyomo kwenye midia ina protini zinazoizuia tripsini kufanya kazi. Mabaki kidogo tu chini ya chupa yanatosha kuizima. Mwaga midia yote, suuza mara mbili kwa maji ya chumvi yasiyo na kalsiamu wala magnesi, ndipo utie tripsini. Na zikishabanduka usizikawize humo, tia midia yenye seramu mara moja. Kilichokukwamisha mwanzoni ndicho kitakachoziokoa mwishoni.

Swali: Mama, msimamizi wangu ameniambia niache kutia penisilini na streptomaisini kwenye midia. Naogopa. Nimefundishwa kwamba bila antibiotiki kila kitu kitaoza. Seli zangu sasa hivi ni safi, midia haina ukungu, ila zimepungua kasi ya kukua tangu miezi miwili iliyopita. Naona kama ananitafutia hasara.

Jibu: Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na kilichonigusa si antibiotiki. Ni ile sentensi uliyoipitia haraka: zimepungua kasi ya kukua. Hiyo hadithi naifahamu, naomba nikusimulie ilivyonikuta.

Mwanzoni mwa kazi yangu, katika maabara moja, nilikuwa napima jinsi seli za uvimbe zinavyoitikia dawa fulani. Kila chupa ilikuwa na penisilini vizio 100 na streptomaisini mikrogramu 100 kwa mililita, kama tulivyofundishwa wote. Midia ilikuwa angavu siku zote. Kidogo kidogo seli zikaanza kuchelewa. Zilizokuwa zinajaza chupa kwa siku tatu zikahitaji nne, halafu tano. Nilibadilisha seramu, nikabadilisha chupa, nikaamini seli zimezeeka. Vipimo vya dawa navyo vilikuwa vinayumba, leo hivi, kesho vile. Nilikaza kamba miezi minne.

Kisha fundi mmoja mzee aliniomba kipande cha kioo chenye seli hizo. Akakitia rangi inayoshika DNA, akakiweka chini ya hadubini yenye mwanga wa urujuanimno, akaniambia nitazame. Seli safi ikitiwa rangi hiyo huonyesha kiini tu, duara moja la buluu, na pembeni yake giza tupu. Zangu zilikuwa na kiini, na kukizunguka nyota ndogondogo za buluu zimetapakaa hadi ukingoni mwa seli, maelfu kwa maelfu. Nilidhani rangi imemwagika. Akasema, "Hiyo ni mikoplazima. Unaishi nayo tangu lini?"

Mikoplazima ni bakteria wadogo kuliko wote tunaokutana nao katika kazi hii, wengine upana wao ni kama theluthi moja ya mikromita. Hawana ukuta wa seli, na penisilini huua kwa kuharibu ujenzi wa ukuta huo. Kwa hiyo kwao penisilini ni maji tu. Hupenya hata vichujio ambavyo huzuia bakteria wengine. Wanaweza kufika milioni kumi na zaidi katika mililita moja ya midia bila kuitia ukungu. Na wanakula midia hiyohiyo uliyowaandalia seli. Aina kadhaa, pamoja na ile inayoishi kinywani mwa binadamu, humaliza arginini, mojawapo ya zile 13 za Eagle. Seli zako hazijazeeka. Zinanyang'anywa.

Nilitupa chupa zote. Nilitupa na akiba niliyoigandisha katika naitrojeni ya kimiminika, kwa sababu mikoplazima huvumilia baridi hiyo vizuri kama seli zenyewe. Vipimo vya miezi minne sikuvitumia hata kimoja.

Sasa rudi kwa msimamizi wako. Antibiotiki haikusafishii mkono, inakuficha tu. Ukikosea ukagusa mdomo wa chupa kwa pipeti, bakteria wa kawaida wangekuumbua kesho yake asubuhi, ungejua na ungejirekebisha. Ukiwa na antibiotiki hujui, unaendelea na mkono uleule, na kosa hilohilo siku moja linaingiza kitu ambacho antibiotiki haikigusi. Anachokutaka ufanye ni kuona. Mimi hutumia antibiotiki kwa majuma ya mwanzo tu ninapopokea seli zilizotoka moja kwa moja kwenye kipande cha mwili, maana hizo huja na wadudu wake. Zikitulia, naiondoa.

Fanya hivi wiki hii. Chukua seli zako, zikuze bila antibiotiki kwa majuma mawili, kisha peleka midia iliyokaa nazo kwa siku mbili tatu ikapimwe mikoplazima kwa PCR, kipimo kinachotafuta DNA yao. Mpaka jibu lirudi, zishughulikie za mwisho kila siku, baada ya zote zilizo safi, na midia yake iwe ya peke yake. Usizungumze ukiwa na chupa wazi mbele yako. Kinywa kile kinachosema ndicho wanamotoka. Na kama jibu ni baya, usione aibu kumwambia msimamizi. Wapo wengi sana waliopita hapo.

Swali: Dada, nimesoma kwamba seramu inayotiwa kwenye midia hutolewa kwa ndama ambao hawajazaliwa. Ni kweli? Na kama ni kweli, kwa nini mnaendelea?

Jibu: Ni kweli. Ng'ombe anapochinjwa akakutwa na mimba, damu ya ndama hutolewa moyoni mwake, ikaachwa igande, na maji yanayobaki juu ndiyo seramu. Tunaitia kwa kawaida asilimia 10 ya midia. Sitakupamba maneno juu ya jambo hilo.

Sababu ya kuitaka ya ndama aliye tumboni ni mbili. Bado ana kingamwili chache, kwa hiyo seramu yake haizishambulii seli. Na kwa kuwa mwili wake ulikuwa unakua kwa kasi, imejaa vichocheo vya ukuaji. Humo mna transferini inayobeba chuma, albumini inayobeba mafuta, na protini zinazoisaidia seli kushika chini ya chupa. Ni vitu mamia kwa mamia, vingine havijawahi kupimwa sawasawa, na kila mkupuo una uwiano wake. Ndiyo maana mimi hujaribu mikupuo mitatu au minne kwa seli zilezile kabla ya kuchagua mmoja, na nikishachagua naomba niwekewe chupa za mkupuo huo za mwaka mzima.

Kuna njia ya kuondoka huko, na inapanuka. Seli nyingi huridhika na insulini, transferini na seleniamu badala ya sehemu kubwa ya seramu. Mwaka 2011 maabara ya James Thomson huko Marekani ilichapisha midia ya seli shina za binadamu yenye vitu 8 tu, vyote vinajulikana, bila seramu. Viwanda vinavyotengeneza dawa za protini kwa seli za ovari ya hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya, navyo vimekwishahamia midia zisizo na kitu chochote cha mnyama. Katika maabara yangu nimehamisha koo tatu. Hazihami kwa siku moja. Unashusha kutoka 10 kwenda 5, ukingoja zizoee na kugawanyika mara kadhaa, kisha 2.5, kisha 1, na katika kila hatua ukiweka akiba kwenye baridi, ili zikikataa urudi nyuma hatua moja tu. Ukoo mmoja umenikatalia katika 2.5 mara mbili, bado najaribu. Swali lako ni la haki, na kila anayeanza ukoo mpya wa seli leo angejiuliza hilo kabla ya kunyoosha mkono kwenye friji kuchukua seramu.

Swali: Midia niliyoifungua inafaa kwa muda gani? Na je, naweza kuitia kwenye otoklevu nikihisi imechafuka?

Jibu: Kwenye otoklevu, hapana. Joto la 121 huharibu glutamini, mojawapo ya asidi amino, na baadhi ya vitamini. Midia kamili husafishwa kwa kichujio cha mikromita 0.22. Na iliyochafuka haichujwi ili itumike tena, inatupwa.

Muda unategemea zaidi glutamini. Ndani ya maji huvunjika yenyewe na kuacha amonia, ambayo seli haziipendi, polepole kwenye friji na haraka sana kwenye joto la 37. Kwa hiyo usiiache chupa nzima ikielea kwenye beseni la maji ya moto tangu asubuhi hadi jioni. Mimina unayohitaji kwenye chupa ndogo, pasha hiyo, kubwa irudi kwenye baridi. Nikishatia seramu na glutamini huwa natumia ndani ya mwezi mmoja, na juu ya chupa naandika tarehe kwa kalamu isiyofutika.

Iepushe pia na mwanga. Riboflavini iliyomo ikipigwa na mwanga husaidia kutengeneza peroksaidi ya haidrojeni, na hiyo ni sumu kwa seli. Kama friji yenu ina mlango wa kioo, funika chupa kwa karatasi ya aluminiamu hadi shingoni.